Fundi wa Boti Aliyeogopa Maji

Alikuwa fundi wa boti na alikuwa anaogopa maji. Naanzia hapo kwa sababu watu wakimtaja siku hizi huanza na uzee wake wa kanisa na ile sauti yake ya besi kwayani, halafu hilo la maji wanalimeza kana kwamba ni aibu. Si aibu. Mimi nimekuwa nesi maisha yangu yote ya kazi, na kuku akichinjwa naingia ndani.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, wataeleza wanaojua. Wengine walisema alitoka upande wa pili wa mto, wengine walisema ni wa hapa hapa. Nilipofika zahanati yetu nilimkuta ameshakuwa mzee, ameshakuwa mkali, na karakana yake iko senta ya Kimuli: bati tatu, benchi moja, pipa moja kubwa la maji. Sote tulimwita Fundi, hata mkewe.

Mfuko wa shati lake haukuwa na kalamu wala simu. Ulikuwa na plagi moja nzima na akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, imefungwa kwenye kipande cha jani la mgomba. Ukimpelekea pikipiki inayokohoa na kuanza kumweleza ilivyoanza, ilikuwa wapi, ulikuwa na nani, alikuwa anainua mkono. "Nionyeshe plagi, usinisimulie." Akishaifungua aliiweka kiganjani, pembeni yake anaweka punje ya kahawa, na kuziangalia zote mbili. Plagi ikiwa kahawia kama ile punje, injini ni nzima, tatizo ni mwenye pikipiki. Ikiwa nyeupe, inaungua. Ikiwa nyeusi na imelowa, inalishwa kupita kiasi. Akimaliza anaitupia ile punje mdomoni na mikono yake ile ile ya grisi. Nilimkemea kwa hilo miaka mingi. Alikuwa ananijibu, "Sista, minyoo yangu inapenda oili," na hacheki.

Kucheka hakucheki, lakini alikuwa na maneno. Aliyekuja kwake amelewa rubisi alimkatalia kazi, hata kama ni kukaza boliti moja: "Pikipiki yako nzima. Kaitengeneze ile inayoiendesha." Mwinjilisti mmoja aliyehubiri muda mrefu kupita kawaida Fundi alimfuata nje ya kanisa na kumwambia mbele za watu kwamba mahubiri yake yana petroli nyingi, cheche hakuna. Yule bwana hakumsalimia mwaka mzima. Fundi hakuelewa kosa lake lilikuwa nini. Kwake ukweli ulikuwa ukweli, uwe wa injini au wa mtu, na aliyeuficha alimwona mwizi. Mke wake aliniambia walipokuwa wachumba alimwambia wazi kuwa chakula chake hakina ladha. "Na nikaolewa naye hivyo hivyo, waitu," alisema yule mama, "maana angalau nilijua siku akisifia, kitakuwa kitamu kweli."

Halafu kulikuwa na vipimo. Hapa ndipo yeye na sisi wengine tulipokosana.

Kwetu kipimo kisichozidishwa ni uchoyo. Ukinunua maharage sokoni Rugu, debe lijae mpaka liwe na kilele, na juu ya kilele muuzaji aongeze kiganja, la sivyo utamtangaza mpaka Ihembe. Mgeni humjazii kikombe cha rubisi ukaishia ukingoni. Mtoto humpimii uji. Tumekua hivyo. Fundi alikuwa anapitisha kiganja juu ya debe na kulisawazisha, akinunua na akiuza, na akinamama wa soko walimwita mzee mkavu. Na huyo mzee mkavu ndiye niliyemwona akishusha mkungu mzima wa ndizi mlangoni kwa jirani aliyefiwa, akaondoka kabla hajashukuriwa. Nilimuuliza inakuwaje, debe unalinyima kiganja halafu mkungu unautoa wote? Akasema, "Kutoa ni kutoa. Kupima ni kupima. Ninyi mnachanganya." Nilidhani ni ukaidi wa kizee tu. Ningemsikiliza siku ile, nisingekuwa na habari hii ya kuandika.

Sasa boti. Ziwa letu ni dogo, bondeni, limezungukwa na mafunjo. Ng'ambo kuna vitongoji vitatu visivyo na zahanati. Kwa barabara unazunguka vilima nusu siku, na mvua zikikolea hakuna barabara. Miaka yote watu walivuka kwa mtumbwi wa kasia. Kisha marafiki wa usharika kutoka mbali wakatuletea boti ya bati yenye injini ya ajabu kidogo, haina pangaboi. Inavuta maji kwa chini na kuyatema nyuma kwa nguvu, ili ipite kwenye maji machache ya pembeni. Injini yenyewe ni ya zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, oili kidogo, petroli nyingi. Kila Alhamisi nilivuka nayo na sanduku langu la chanjo, na siku nyingine ilileta wajawazito. Manesi wawili kabla yangu waliomba uhamisho kwa sababu ya ng'ambo ile. Mimi nilibaki kwa sababu ya boti ile.

Usharika ukaunda kikundi cha kuitunza boti, nacho kikamkabidhi Fundi injini. Alikubali kwa sharti moja: hapandi. "Mleteni mgonjwa kwangu, mimi siendi kulala naye." Kwa hiyo kila ilipoharibika, nahodha wetu na vijana wawili waliibeba kwenye pikapu mpaka Kimuli, Fundi akaitumbukiza kwenye lile pipa la maji na kuiwasha. Petroli pia hakuruhusu mtu aichanganye. Alichanganya mwenyewe, dumu la lita tano tano, oili akipima kwa bomba la sindano nililompa mimi, akalifunga mdomo kwa kitambaa chekundu na kulituma kwa bodaboda hadi stoo ya zahanati. Mlango wenye kufuli la maana kijijini ulikuwa wangu, na ufunguo ulikaa shingoni mwangu.

Miezi mingi mambo yalikwenda vizuri. Kisha Ijumaa moja nikiwa Kimuli kufuata dawa, nilipita kumsalimia. Alikuwa na msumeno wa injini wa mtu wa Ihembe mezani, ameufumua, na pistoni imekwaruzwa mistari mistari. Mwenyewe alikuwa ameweka petroli tupu, akasahau oili. "Angalia, Sista," Fundi akasema. "Imekufa kwa kiu. Imelia mpaka ikakwama, na yeye anasikia anadhani inafanya kazi vizuri." Ile pistoni aliniwekea mkononi. Sijui kwa nini ilinishika vile. Labda kwa sababu nimeona watoto waliokauka maji mwilini, na mama anasema alikuwa amelala tu.

Nikarudi stoo. Nikafungua kitambaa chekundu, nikachukua kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokaa juu ya chupa ya dawa ya kikohozi, nikapima oili ya akiba iliyokuwa pale stoo, nikamimina kwenye dumu. Kimoja. Baadaye nikaona kimoja ni kama kumwonea mtu, nikaongeza cha pili. Nyongeza. Nikafunga kitambaa kama kilivyokuwa, nikalala usingizi mzuri. Na mimi ndiye niliyewafundisha kina mama wa kata nzima kwamba dawa haiongezwi hata tone!

Wiki iliyofuata injini ikazima katikati ya ziwa. Nahodha akafungua plagi, nyeusi, imelowa, inateleza. Akaifuta kwa shati, ikawaka, ikazima tena. Tukapiga kasia. Injini ikapelekwa Kimuli, Fundi akaweka plagi mpya, akaitumbukiza kwenye pipa, akaiwasha kwa petroli yake ya pale pale karakana. Ikaunguruma asubuhi nzima bila kukohoa. Akairudisha. Ikazima.

Na mimi nikafanya nini? Nilisema moyoni, maskini, ina kiu, mzee anaipimia kwa uchoyo wake. Nikaongeza kikombe cha tatu. Ilipozima tena nikafika vitano, halafu sikuhesabu. Kila ilipozima niliongeza, na kila nilipoongeza ilizima mapema zaidi. Mtu mwenye akili angesimama hapo akafikiri. Mimi nilikuwa nimeshika imani.

Ng'ambo na huku kila mtu alikuwa na ugonjwa wake wa kuutaja. Kuna waliosema ni mafunjo yanaziba mdomo wa kuvutia maji. Kuna waliosema ni plagi bandia. Fundi alisafisha kabureta mara tatu, akabadilisha koili, akakagua waya mmoja mmoja. Kwenye pipa injini nzima, ziwani mgonjwa. Alikonda. Mkewe aliniambia anaamka anakaa kitandani anaziangalia plagi kumi na moja nyeusi alizozipanga kwenye dirisha. Nilimhurumia kweli, Mungu ni shahidi, na nikaenda stoo nikaongeza.

Kisha ikazima na mama mwenye uchungu ndani. Nahodha alipiga kasia mpaka viganja vikachubuka, na mtoto akazaliwa botini, mikononi mwangu, juu ya koti la mvua. Walipona wote wawili. Lakini siku ya pili kikundi kilikaa na kutoa neno la mwisho: ikizima tena na watu ndani, hata mara moja, boti inarudishwa kwa walioileta. Hakuna aliyepinga. Mimi nilijua maana yake. Bila boti ile ng'ambo hawapati chanjo, na mimi mwenyewe nisingeweza kubaki, magoti yangu yalikuwa hayawezi tena kuzunguka vile vilima.

Jumatano jioni Fundi akaja kwa miguu na mfuko wa spana. Alhamisi asubuhi alikuwa ufukweni kabla yetu. Amevaa maboya mawili, moja juu ya lingine.

"Fundi, shikamoo. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Ninakwenda kulala na mgonjwa," akasema.

Sijawahi kuona mtu akipanda kitu vile. Aliingia kwa magoti, akakaa katikati kabisa, akashika ukingo huku na huku mpaka vidole vikabadilika rangi. Nahodha akataka kucheka, nikamkazia macho. Tulipoacha mafunjo nikamsikia Fundi anaimba wimbo wa kitabu kwa besi, chini chini, macho yamefumbwa, ubeti ule ule mmoja.

Tulikuwa tumefika karibu nusu injini ilipoanza kukohoa. Ikakohoa, ikavuta, ikazima. Kukawa kimya, ni maji tu yanagonga bati. Fundi akafumbua macho, na hofu yote ikamtoka usoni. Akawa yule wa Kimuli. Akatambaa hadi nyuma, akafungua plagi, akaitazama kiganjani. Nyeusi tititi. Akaomba karatasi. Nikampa ukurasa wa daftari langu la kliniki. Akafungua dumu, akachovya kidole, akadondosha tone moja kwenye karatasi na kuipepea juani. Petroli ikakauka. Ikabaki alama ya mafuta, pana kama kifungo cha koti.

"Hii siyo niliyochanganya," akasema.

Akamtazama nahodha. Nahodha akaapa kwa mama yake mzazi kwamba hajawahi kufungua kile kitambaa ila mbele ya abiria. Na ilikuwa kweli. Fundi akageuza uso akaniangalia mimi, si kwa ukali, aliniangalia alivyozoea kuangalia plagi. Sanduku langu la vifaa lilikuwa wazi miguuni pake, nimetoka kutoa daftari. Kile kikombe kilikuwa humo, nilikitupia haraka nilipotoka stoo, juu kabisa, kimejaa utando wa oili. Akainama kama anayetafuta spana. Alipoinuka kikombe hakikuwepo.

Nililifunga sanduku langu.

Alikuwa amebeba chupa mbili kubwa za petroli iliyochanganywa kwa mkono wake. Dumu akalifunga na kuliweka pembeni, akabadilisha mafuta, akaweka plagi mpya kutoka mfukoni mwa shati. Kamba ya kuwashia aliivuta mara nne. Ya tano ikashika, ikanguruma, na tukafika ng'ambo bila kukohoa tena. Kina mama walikuwa wamepanga mstari chini ya paa la shule. Nilichanja watoto wote siku ile, na mmoja alikuwa yule aliyezaliwa botini.

Kikundi kikakaa Jumapili baada ya ibada. Fundi akasimama na kuvua kofia.

"Tatizo nimelipata," akasema. "Kosa ni langu. Macho yamezeeka. Nilikuwa nasoma vibaya kile kipimo, nikazidisha oili. Injini ni nzima, iacheni boti yenu."

Watu waliguna. Yule mzee wa vipimo! Kuna mwanamke wa soko aliyesema kwa sauti, "Kumbe na wewe huwa unaongeza kiganja," na wakacheka. Alisimama pale akachekwa mpaka walipochoka. Kisha mwenyekiti akamshukuru kwa utumishi wake, kwa maneno ya heshima, na injini ikakabidhiwa kijana mwingine. Nilikuwa nimekaa benchi la pili. Ufunguo wa stoo ulikuwa shingoni mwangu. Nilikaa nao.

Toka siku ile sikugusa dumu. Injini haikuzima tena kwa sababu ya plagi, na yule kijana akapata sifa kubwa kwa kutofanya chochote. Kimuli wateja wa Fundi walipungua. Mtu gani anampelekea pikipiki mzee aliyekiri mwenyewe kwamba haoni vipimo? Akabaki na baiskeli na majiko. Nilikuwa napita kumsalimia, nampelekea ndizi, nampelekea senene msimu wake, ambao hawali, na tunaongea habari za mvua. Miaka ilipita hivyo. Nikastaafu.

Mwaka huu mkewe alinitumia ujumbe kwamba macho ya Fundi sasa yamekwisha kweli, mtoto wa jicho kwa yote mawili, na anaulizia habari za boti. Nikashuka ziwani, nikamwomba nahodha aifungue plagi, nikaifunga kwenye leso, nikapanda bodaboda kwenda Kimuli.

Nilimkuta nyuma ya nyumba kwenye kibanja, kati ya migomba, amekaa kwenye kigoda, anachambua kahawa kwa vidole.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Sista. Umepungua, hatua zako nyepesi."

Nikampa plagi. Akaipitisha kidole, akainusa, akaigusa kwa ulimi. Nikataka kumkemea, nikashindwa.

"Rangi gani?"

"Kahawia," nikasema. "Kama hizo kahawa zako."

Akatikisa kichwa, akaridhika. Mkewe alituletea akamwani kwenye kisahani, akakaa nasi. Na pale nikaona kwamba nisiposema leo sitasema tena. Nikamwambia. Nilimwambia yote, pistoni ya Ihembe, kikombe, stoo, benchi la pili. Nililia kama mtoto, sina haja ya kupamba.

Alinisubiri nimalize.

"Kilikuwa kinanuka dawa ya kikohozi," akasema. "Nilijua kabla sijakiona."

"Sasa kwa nini, Fundi? Wewe hujawahi kudanganya mtu hata kwa chakula!"

"Ungetaka niseme nini? Kwamba nesi wao hajui kupima?" Aliacha kuchambua. "Nani angekuletea tena mtoto umchome sindano? Fundi walipata mwingine wiki ile ile. Nesi wangempata wapi wa kuvuka na wewe umeona waliokutangulia?"

Nikamwambia Jumapili nitasimama kanisani niseme, nimsafishe jina. Akakasirika. Ukali wake wote ukarudi, na mkono wenye punje za kahawa ukainuka.

"Hapana! Nimesema uongo mmoja tu maisha yangu yote, Sista, na ulifanya kazi. Usiniharibie."

Akamnong'oneza mkewe kitu. Yule mama akaingia ndani, akatoka na kile kikombe kidogo cha plastiki, kimeoshwa, kimefifia, mistari ya vipimo bado inaonekana. Fundi akanitafuta mkono, akanipa.

"Haya, chukua," akasema. "Ni cha dawa."

Jumapili ile nilikwenda ibada ya kwanza, nikakaa benchi la mbele, na matangazo yalipoisha nikanyoosha mkono, kikombe kikiwa ndani yake: nesi nilikuwa nimeshastaafu, na ule uongo wake ulikuwa umemaliza kazi.